Neno Moja, Sheria Mbili: Kiswahili katika Utafiti wa Uzamivu wa Sheria Linganishi ya Kazi kati ya Kenya na Tanzania

Ikisiri

Makala haya yanajadili kazi ya mtafiti wa uzamivu anayelinganisha sheria za kazi za Kenya na Tanzania Bara. Hoja yake ni kwamba Kiswahili, lugha ambayo nchi hizi mbili zinaichangia, ni nyenzo ya lazima ya utafiti huo na papo hapo ni mtego wake mkubwa, kwa kuwa neno lilelile hubeba haki na wajibu tofauti kila upande wa mpaka. Mifano inatokana na historia ya vibarua, kipande na manamba, masharti ya fidia na mikataba ya hali bora, pamoja na namna maelezo ya mfanyakazi yanavyobadilika yanapohamishwa kutoka kinywani mwake hadi katika tasnifu iliyoandikwa kwa Kiingereza. Makala yanapendekeza kwamba ulinganishi uanzie kwenye tatizo la kijamii badala ya neno, na kwamba maneno ya wasailiwa yahifadhiwe katika tasnifu yalivyotamkwa.

Maneno makuu: sheria linganishi, sheria ya kazi, uzamivu, istilahi, usitishaji wa ajira

1.0 Utangulizi

Itifaki ya Soko la Pamoja la Jumuiya ya Afrika Mashariki ilianza kutumika tarehe 1 Julai 2010. Pamoja na kutambua uhuru wa wafanyakazi kuvuka mipaka, Itifaki hiyo inazitaka nchi wanachama zioanishe sera na sheria zao za kazi. Kuoanisha hakuwezekani pasipo kujua kwanza ni nini kinachotofautiana na kwa nini kinatofautiana. Hapo ndipo shahada ya uzamivu katika sheria linganishi ya kazi inapopata sababu ya kuwapo katika ukanda huu.

Uzito wa jambo hili unaonekana kwa mfano wa kubuni. Dereva wa lori, raia wa Tanzania, ameajiriwa na kampuni yenye ofisi Nairobi na Arusha. Anaambiwa kwa simu, akiwa Namanga, kwamba kazi imekwisha. Ikiwa ajira yake inatawaliwa na sheria ya Kenya, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa miaka 3 ya kufungua shauri. Ikiwa inatawaliwa na sheria ya Tanzania Bara, kanuni za mwaka 2007 za Tume ya Usuluhishi na Uamuzi zinamtaka apeleke mgogoro wa usitishaji wa ajira ndani ya siku 30, au aombe kuongezewa muda na aeleze sababu za kuchelewa. Dereva huyu anazungumza Kiswahili pande zote mbili, anaelewana na kila mtu, na pengine ameshauriwa na mwenzake wa Nairobi kwamba hakuna haja ya haraka. Ushauri huo ni sahihi kwa Mkenya, lakini dereva wa Arusha anaweza kupoteza haki yake kwa kuufuata.

Utafiti wa uzamivu kuhusu sheria ya kazi si jambo geni Afrika Mashariki. Issa Shivji alipata uzamivu wake Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1982, na kitabu chake cha mwaka 1986 kuhusu sheria, dola na tabaka la wafanyakazi Tanzania kingali rejeo la lazima. Kitabu hicho kinahusu nchi moja. Anayelinganisha nchi mbili anabeba mzigo wa ziada, na sehemu kubwa ya mzigo huo ni ya lugha, ingawa vitivo vya sheria havina mazoea ya kuutazama hivyo.

2.0 Kulinganisha nini na nini

Swali la kwanza ambalo mtahini wa nje humwuliza mtahiniwa ni kwa nini amechagua nchi alizozichagua. Jibu la kwamba nchi hizo ni majirani halitoshi. Halitoshi pia jibu la kwamba zote zilitawaliwa na Waingereza. Mapendekezo mengi ya utafiti huiweka Uingereza kuwa kipimo, kisha nchi ya Kiafrika hupimwa ilivyopungukiwa. Huo ni ukaguzi, na kuuita ulinganishi ni kuipa kazi hiyo sifa isiyostahili.

Katika nadharia ya sheria linganishi, fikra iliyoenea zaidi, inayohusishwa na Konrad Zweigert na Hein Kötz, ni kwamba vitu vinavyolinganishwa sharti viwe vinatatua tatizo moja, hata kama majina yake hayafanani. Katika sheria ya kazi fikra hiyo inahitaji kusomwa sambamba na onyo la Otto Kahn-Freund. Mwanasheria huyu alikuwa hakimu wa mahakama ya kazi mjini Berlin hadi Wanazi walipomwondoa mwaka 1933. Alikimbilia Uingereza, akafundisha London na baadaye Oxford. Katika makala yake ya mwaka 1974 alionya kwamba kanuni za sheria hazihamishiki kwa wepisi ulio sawa. Zile zinazomlinda mfanyakazi mmojammoja husafiri kwa urahisi zaidi. Zile zinazohusu vyama, majadiliano ya pamoja na migomo zimefungamana na mgawanyo wa madaraka katika nchi, na haziling'oi shina lake bila kujeruhiwa.

Kenya na Tanzania zinathibitisha onyo hilo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inafanana kwa mengi na sheria ya Afrika Kusini ya mwaka 1995, hasa katika kuweka tume ya usuluhishi kuwa mlango wa kwanza wa mgogoro. Masharti ya kumlinda mtu binafsi dhidi ya kuachishwa kazi bila sababu yanakaribiana pia katika Kenya na Tanzania, na yote yanaakisi Mkataba Na. 158 wa mwaka 1982 wa Shirika la Kazi Duniani. La kushangaza kidogo ni kwamba Kenya na Tanzania hazijauridhia Mkataba huo, ilhali Uganda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo zimeuridhia.

Upande wa vyama mambo ni mengine. Yale ambayo wafanyakazi wa Tanzania huyaita mkataba wa hali bora, sheria ya 2004 inayapa nguvu tangu sahihi ya mwisho inapowekwa, isipokuwa mkataba wenyewe ukisema vingine. Nakala hupelekwa kwa Kamishna wa Kazi. Nchini Kenya, chini ya Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya mwaka 2007, mkataba wa aina hiyo hauwezi kutekelezwa kwa nguvu ya sheria mpaka usajiliwe na mahakama. Tofauti hii haielezeki kwa kusoma vifungu pekee. Kenya ilianzisha Mahakama ya Viwanda mwaka 1964, na mazoea ya kupitisha mapatano ya vyama na waajiri mbele ya mahakama yana mizizi katika miaka hiyo. Tanganyika, mwaka uleule wa 1964, baada ya maasi ya jeshi ya mwezi Januari, ilivunja shirikisho huru la vyama na kuunda chama kimoja cha wafanyakazi, NUTA, kilichofungamana na chama tawala. Mtafiti anayeweka vifungu viwili katika jedwali bila historia hiyo atakuwa ameeleza tofauti asiyoielewa.

3.0 Maneno yaliyovuka mpaka yakabadilika

Mtafiti akiingia katika nyaraka za kale atakutana na maneno ya Kiswahili ndani ya ripoti za Kiingereza, mara nyingi bila tafsiri, kwa kuwa maafisa wa kikoloni wenyewe waliyatumia. Neno kipande ndilo mfano ulio wazi kuliko yote. Katika Tanganyika, hasa kwenye mashamba ya mkonge, kipande kilikuwa kadi yenye nafasi za siku 30 za kazi. Siku iliyofanyiwa kazi iliwekwa alama, na mshahara ulistahiki kadi ilipojaa. Kwa hiyo kipande cha Tanganyika kilikuwa karibu na mkataba: kilipima kazi na kuahirisha malipo.

Kipande cha Kenya kilikuwa kitu kingine. Kilitokana na sheria ya kuwaandikisha wenyeji ya mwaka 1915, iliyotekelezwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Kilikuwa hati ya utambulisho yenye alama za vidole, iliyomlazimu mwanamume Mwafrika kuibeba, na wengi waliitia katika kikasha cha chuma kilichoning'inizwa shingoni. Mwajiri aliandika humo tarehe za kuanza na kumaliza kazi. Aliyeondoka bila kuandikiwa alihesabiwa mtoro, na utoro ulikuwa kosa la jinai. Tasnifu inayosema kwamba mfumo wa kipande ulitumika Kenya na Tanganyika, kisha ikaendelea kana kwamba imetaja jambo moja, imechanganya kadi ya malipo na hati ya kumdhibiti mtu asihame.

Neno manamba nalo lina safari yake. Tanganyika liliwataja vibarua walioandikishwa mikoa ya mbali na kusafirishwa hadi mashamba ya mkonge, kila mmoja akiwa na namba yake. Katika Kenya ya leo neno hilo linamtaja mpigadebe au utingo wa matatu. Mtafiti atakayewasaili wafanyakazi wa usafiri wa mijini katika nchi zote mbili asishangae kuona kwamba mzee wa Tanga akilisikia neno hilo anamkumbuka babu yake, na kijana wa Nairobi anaikumbuka asubuhi ya leo.

Kibarua ni neno gumu zaidi kwa kuwa lingali na uzito wa kisheria. Kwa umbo lake ni udogo wa barua. Katika mazungumzo ya Kenya linaweza kumaanisha kazi yoyote impatiayo mtu riziki, hata ya kudumu: mtu mwenye ajira ya miaka 10 husema anakwenda kibaruani. Lakini sheria ya Kenya ya 2007 inamtambua mfanyakazi wa muda mfupi anayelipwa mwisho wa siku na asiyeajiriwa kwa zaidi ya saa 24 kwa mara moja, na kifungu cha 37 kinaeleza jinsi mtu huyo anavyogeuka kuwa mwajiriwa mwenye haki kamili siku zake za kazi mfululizo zinapofikia mwezi mmoja au zaidi. Sheria ya Tanzania ya 2004, kama ilivyotungwa, haikuweka kundi la namna hiyo. Ilitaja mikataba ya aina tatu: usio na kikomo, wa muda maalumu kwa wataalamu na mameneja, na wa kazi maalumu. Swali la nani ni mwajiriwa hujibiwa kwa vigezo vya kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka huohuo. Kwa hiyo mpagazi wa Mombasa na mwenzake wa Dar es Salaam, wote wakijiita vibarua, hawasimami mahali pamoja mbele ya sheria. Mtafiti akitafsiri neno hilo kwa istilahi moja ya Kiingereza katika sura zote, amefuta tofauti aliyokusudia kuichunguza.

4.0 Miezi 12 na miezi 12

Mtego hauko katika maneno peke yake, uko hata katika tarakimu. Sheria ya Tanzania ya 2004, kama ilivyotungwa, ilisema kwamba fidia ya aliyeachishwa kazi isivyo haki haipungui mshahara wa miezi 12. Sheria ya Kenya ya 2007 inasema kwamba fidia ya aina hiyo haizidi mshahara wa miezi 12. Mwanafunzi anayejaza jedwali kwa haraka ataandika miezi 12 katika safu zote mbili na kuhitimisha kwamba sheria zimeoana. Kumbe sakafu ya nchi moja ndiyo dari ya nchi nyingine.

Tofauti hiyo huzaa tabia tofauti mahakamani. Pale ambapo sheria imeweka kima cha chini, mabishano huhamia kwenye swali kama kima hicho kinabaki palepale hata kasoro ikiwa ya utaratibu tu na sababu ya kuachisha ilikuwa halali. Mahakama za Tanzania zimelishughulikia swali hilo. Pale ambapo sheria imeweka kima cha juu, jaji hupima ni miezi mingapi chini ya 12 inayostahili, na kifungu cha 49 cha sheria ya Kenya kinamwekea orodha ya mambo ya kuzingatia, kama vile urefu wa utumishi na uwezekano wa mfanyakazi kupata kazi nyingine. Hukumu za Kenya, kwa hiyo, zimejaa maelezo ya maisha ya mdai. Mtafiti anayependa hoja za kijamii atavutiwa nazo, lakini wingi wa maelezo usimfanye adhani kwamba mfanyakazi wa Kenya amelindwa zaidi.

Kiinua mgongo kinahitaji tahadhari ileile. Tanzania, kwa sheria ya 2004, ni mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, hadi miaka 10, na hulipwa kwa aina kadhaa za usitishaji, isipokuwa hasa pale mfanyakazi alipoachishwa kwa haki kwa utovu wa nidhamu. Kenya, malipo yasiyopungua siku 15 kwa kila mwaka yamewekwa kwa ajili ya wanaopunguzwa kazini. Siku 15 ni nyingi kuliko 7, ila mlango wake ni mwembamba zaidi. Isitoshe, katika mazungumzo ya kila siku wafanyakazi wa pande zote mbili hulitumia neno kiinua mgongo hata kwa malipo ya kustaafu, jambo linalomlazimu msaili aulize kila mara: yalilipwa lini, na kwa sababu gani?

Sheria za kazi, zaidi ya hayo, hubadilika utafiti ukiwa katikati. Tanzania Bara ilizirekebisha tena mwaka 2025. Mtahiniwa hana budi kutaja katika sura ya kwanza tarehe ambayo uchunguzi wake wa sheria umekomea, na kuishika tarehe hiyo hadi ukurasa wa mwisho. Zanzibar nayo isisahauliwe: kazi si jambo la Muungano, na Zanzibar ina sheria zake za mwaka 2005. Kichwa cha tasnifu kinachotaja Tanzania huku mwili wake ukizungumzia Bara pekee ni kosa ambalo mtahini atalianza nalo.

5.0 Sauti ya mfanyakazi na kalamu ya karani

Sheria ya Kenya, katika kifungu cha 41, inamtaka mwajiri anayekusudia kumwachisha mtu kazi kwa utovu wa nidhamu, utendaji hafifu au kukosa uwezo wa kimwili amweleze sababu hiyo kwa lugha anayoielewa, na kumruhusu awe na mwenzake au mwakilishi wa chama. Sheria ya Tanzania, inapozungumzia maelezo ya maandishi ya masharti ya ajira, inasema yaelezwe kwa namna anayoielewa mfanyakazi. Lugha na namna si kitu kimoja. Inawezekana kumwambia mtu jambo kwa Kiswahili na asilielewe kwa kuwa limejaa istilahi, na hapo neno namna linambana mwajiri zaidi. Tofauti hii ndogo ingetosha kuwa sura nzima ya tasnifu.

Ugumu mkubwa uko katika kumbukumbu. Hadi marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 yalipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama Tanzania, shahidi alitoa ushahidi wake kwa Kiswahili na hakimu au jaji akauandika kwa Kiingereza. Hukumu nyingi ambazo mtafiti anazisoma leo, kwa hiyo, zina maneno ya mfanyakazi yaliyopita kwenye kalamu ya mtu mwingine. Nchini Kenya, ambako Katiba ya 2010 imekipa Kiswahili hadhi ya lugha rasmi pamoja na Kiingereza, hukumu za mahakama ya ajira huandikwa kwa Kiingereza. Aliyesema amepigwa kalamu, amefutwa, amepunguzwa au ametumbuliwa anaweza kuonekana katika hukumu kwa neno moja tu.

Sarufi yenyewe hushuhudia. Kuacha ni tendo la mfanyakazi, kuachishwa ni tendo la mwajiri, na baina ya vitenzi hivyo viwili liko shauri zima. Mwajiri husema: aliacha. Mfanyakazi husema: niliachishwa. Lakini wapo wanaosema niliacha mwenyewe, kisha wakiulizwa zaidi wakaeleza kwamba hawakulipwa miezi 3, au walihamishiwa kazi ya kuwadhalilisha. Kisheria, huyo huenda ameachishwa. Kifungu cha 36 cha sheria ya Tanzania kinahesabu kujiuzulu kwa aliyefanyiwa kazi isivumilike kuwa usitishaji wa mwajiri, na mahakama za Kenya zimeijenga dhana hiyo kwa hukumu zao. Msaili anayetia alama kwenye kisanduku cha aliyejiuzulu mara tu aliposikia niliacha amemtoa mtu huyo katika takwimu za walioonewa.

Kusimamishwa ni hatari zaidi. Kwa maana ya kisheria, mtu aliyesimamishwa angali mwajiriwa. Kanuni za Tanzania za mwaka 2007 zinataka aendelee kulipwa wakati tuhuma zinachunguzwa. Mtaani mtu huambiwa amesimamishwa, arudi nyumbani, ataitwa. Halipwi, na haitwi. Anasubiri miezi 4. Akienda hatimaye kwenye Tume, mwajiri anadai kwamba ajira ilikoma siku ileile ya kwanza, na zile siku 30 zimekwisha zamani. Neno lililomtuliza ndilo lililomchelewesha. Hakuna hukumu itakayomwonyesha mtafiti ni wangapi walioishia nyumbani bila kufika kwenye Tume. Hao hupatikana kwa usaili, na usaili huo hufanyika kwa Kiswahili.

6.0 Lugha ya tasnifu

Katika Taasisi ya Taaluma za Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, tasnifu za uzamivu huandikwa kwa Kiswahili. Vitivo vya sheria vya ukanda huu vinafundisha kwa Kiingereza na kutahini kwa Kiingereza, na haielekei hali hiyo itabadilika karibuni. Pendekezo la makala haya ni la kiasi, na linawezekana chini ya kanuni zilizopo.

Msimamizi wa pili atoke katika idara ya Kiswahili. Vibali vya utafiti vinapoombwa COSTECH kwa Tanzania na NACOSTI kwa Kenya, mwongozo wa usaili uambatishwe kwa Kiswahili, tena uwe umejaribiwa pande zote mbili za mpaka kabla ya kutumika. Maneno ya wasailiwa yanukuliwe katika mwili wa tasnifu kwa Kiswahili, tafsiri ikifuata chini. Na faharasa ya istilahi isiwe kiambatisho cha mwisho kisichosomwa, bali sura ya tatu, mara baada ya mbinu za utafiti, ikionyesha kwa kila neno linamaanisha nini katika sheria ya Kenya, katika sheria ya Tanzania Bara na katika kinywa cha mfanyakazi. Chini ya kusimamishwa, kwa mfano, safu ya kwanza na ya pili zitataja mkataba unaoendelea. Safu ya tatu itaandika: aliambiwa asubiri, akasubiri, na pembeni yake itawekwa idadi ya siku.